Rutuba ya Mau inavyoishia ziwani

KILA suala la Msitu wa Mau linapozuka, mjadala huwa ni wa hatimiliki na wa nani afurushwe. Ni nadra kusikia mwanasiasa akiuliza udongo wenyewe umekuwaje tangu jembe lilipoingia.

Mnamo 2001 serikali iliumega msitu huo zaidi ya hekta 60,000. Anayelima ardhi iliyofyekwa karibuni huvuna vyema misimu ya kwanza, hata bila mbolea, na huamini amepata shamba lenye rutuba isiyokwisha. La hasha. Anachovuna ni akiba ya miaka mingi ya majani yaliyoanguka na kuoza kuwa mboji.

Udongo unapopinduliwa, hewa na joto huingia na vijidudu huila mboji hiyo upesi. Naitrojeni hutolewa kwa wingi kuliko mimea inavyoweza kufyonza, na inayobaki huyeyuka na kuteremka na maji hadi kwenye chemchemi na mito. Fosforasi ina tabia nyingine: hung'ang'ania chembe za udongo, hivyo huondoka pale udongo wenyewe unapomomonyoka. Hatari ni kubwa zaidi mvua za masika zinapoanza, mahindi yakiwa bado machanga na mteremko ukiwa uchi.

Akiba ikiisha, mkulima hugeukia mbolea ya dukani. Ile ya DAP, ikitumiwa mfululizo, huongeza asidi, na udongo wenye asidi nyingi huifunga fosforasi mahindi yasiipate. Hapo mkulima hulipia kitu ambacho mmea wake haukifikii.

Kilichopotea shambani hakijatoweka. Mito ya Sondu na Nyando hukibeba hadi Ghuba ya Winam, ambako hulisha mwani na magugumaji. Mimea hiyo ikifa na kuoza, hewa ya oksijeni majini hupungua na samaki hufa. Mto Njoro nao huingia Ziwa Nakuru, ambalo halina mto unaotoka. Kiingiacho humo hubaki.

Watu walifurushwa Mau mwaka 2018 na tena 2019, lakini mteremko ulioachwa mtupu hauirejeshi mboji kwa msimu mmoja wala miwili. Kwa mashamba yanayoendelea kulimwa, kinachohitajika kinafahamika: matuta yanayokingama mteremko, nyasi za kushika udongo, samadi, na kingo za mito zisizolimwa. Badala yake, siasa ya kilimo imejikita katika gunia la mbolea ya ruzuku, lililoshushwa hadi Sh2,500 mwaka 2023.