Macho Hayapimi Mwanya wa Angani

Kabla hujanicheka nakiri kosa langu. Mwaka jana, jioni moja tukicheza mpira hapa Bongwe, ndege mbili zilipishana juu yetu. Moja ndogo, ya kushuka kiwanja cha Ukunda, na nyingine kubwa. Nikapiga kelele, "Wallahi zimekosana kidogo tu!" Kufika magharibi habari iko madukani, tena sasa ati zimegongana na moja imeanguka baharini. Mama mmoja jirani, ambaye mwanawe alikuwa asafiri kwa ndege siku ile kutoka Nairobi, alizirai. Kijana alifika salama, akamkuta mamake amezungukwa na watu wanampepea.

Watu hawakuwa wajinga kuamini. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria aina ya Dash 8, iliyoondoka Wilson ikija huku kwetu Diani na watu 44, iligongana kweli na Cessna ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi. Wawili waliokuwa katika Cessna walifariki. Ile kubwa ilirudi Wilson salama. Tangu siku hiyo kila mtu hapa ni mkaguzi wa anga.

Lakini kwa maoni yangu, aliye chini hana haki ya kutaja mwanya kati ya ndege na ndege. Hebu tupige hesabu. Caravan, mojawapo ya zile ndogo, mabawa yake toka ncha hadi ncha ni kama mita 16. Boeing 737-800 ni karibu 36. Caravan ikiwa mita 500 juu yako na Boeing mita 1,125, utaziona ukubwa sawa. Jicho lasema zinagusana, kumbe kati yake pana mita 625! Macho yetu mawili yenyewe yameachana sentimita sita hivi, yatapimaje vitu vya mbali namna hiyo?

Mzee mmoja maskani aliniambia ati zamani ndege hazikukaribiana hivi. Kwa zile za juu kabisa hakukosea, ingawa sidhani aliona kwa macho. Barani Afrika, kuanzia futi 29,000, mwanya wa juu na chini ulipunguzwa Septemba 2008 kutoka futi 2,000 hadi 1,000, yaani mita 300 hivi. Ni viwanja vitatu vya mpira vimesimamishwa wima, kimoja juu ya kingine. Nawe ukiwa chini utaapa zimepandana.

Jicho laweza kushuhudia kwamba iliyoifunika mwenzake ndiyo iliyo karibu nasi. Laweza kusema saa, na upande zilikoelekea. Ukiulizwa, hayo yaseme. Mwanya uache.

Yule mama bado huniita kila zinapopishana. "Mwanangu, zimekaribiana?"

"Sijui, mama. Ile ndogo ndiyo ya chini, naiona yashuka Ukunda."