Maumivu Haya Si Desturi ya Wanawake

Mama mpendwa, maumivu madogo ya siku za mwezi yasikutie hofu. Lakini ikiwa kila mwezi huwezi kulima, unatapika, au unaumia ukilala na mume wako, usikubali kuambiwa, "Ndiyo desturi ya wanawake." Huo waweza kuwa ugonjwa, na mgonjwa hutafuta daktari.

Jina lake ni endometriosi. Nyama inayofanana na utando wa ndani wa tumbo la uzazi huota nje yake. Huvimba, hushikamanisha viungo, na pengine huzuia mimba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema huwapata wanawake kama 10 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa. Basi si uchawi wala laana.

Wewe uliye Yangambi, usifiche neno mbele ya daktari. Mwambie maumivu huanza siku gani, wapi, na hudumu muda gani. Picha ya tumbo isipoonyesha kitu, usidhani umepona. Mara nyingi picha haiuoni. Kwa kawaida dawa hujaribiwa kwanza. Zikishindwa, omba barua ya kwenda kwa mpasuaji Kisangani. Penye chombo chake, mpasuaji hupitisha bomba jembamba lenye taa katika tundu dogo, akaitazama nyama ile na kuiondoa. Ugonjwa waweza kurudi, kwa hiyo, kabla ya kupasuliwa uliza, "Utaondoa nini, utaacha nini?"

Nawe baba, usimfukuze mkeo kwa kukosa mtoto. Panda mashua pamoja naye.