Ndege Nyembamba Juu ya Bahari Kuu

Huenda umepata kumsikia mtu akisema kwamba ndege ya kuvuka bahari sharti iwe pana, yenye njia mbili kati ya viti, na kwamba ile nyembamba yenye njia moja ni ya safari za jirani tu. Sivyo. Boeing 707 ya shirika la Pan American, iliyoanza kubeba abiria kutoka New York hadi Paris mwezi wa Oktoba 1958, ilikuwa na njia moja. Injini zake zilikuwa nne, na hata hivyo safari ile ya kwanza ilitua Gander, katika kisiwa cha Newfoundland, ili itiwe mafuta.

Upana wa tumbo la ndege, basi, si hoja. Yatupasa tuulize habari za injini na mafuta.

Ndege nyembamba za siku hizi zina injini mbili. Moja ikizimika katikati ya bahari, ya pili yatosha kuifikisha ndege kiwanjani, ila mwendo hupungua nayo hushuka chini. Kwa sababu hiyo Marekani iliweka sheria mwaka 1953 kwamba ndege ya injini mbili isiende mbali na kiwanja kupita dakika 60 kwa mwendo wa injini moja. Mwaka 1985 zikaruhusiwa dakika 120, na 1988 dakika 180, kwa mashirika yaliyothibitisha uimara wa injini zao na utunzaji wake. Hivyo rubani avukaye Atlantiki huwa na viwanja vyake akilini: Shannon, Keflavik, Lajes, Gander.

Mafuta nayo hayapimwi kwa safari njema peke yake. Hukadiriwa kana kwamba, pale palipo mbali kuliko pote, hewa ya ndani imevuja, injini moja imezimika, na ndege imelazimika kushuka hadi mita 3,000 hivi, ambako hula mafuta mengi zaidi.

Adui mwenyewe ni upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini huvuma mkondo utokao magharibi, mkali sana majira ya baridi, na atokaye Ulaya kwenda Marekani hupambana nao uso kwa uso. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012, Boeing 757 kadhaa zililazimika kutua Canada kuongeza mafuta. Abiria walinung'unika, mimi naona marubani wale walistahili shukrani.

Mwezi wa Novemba 2024 shirika la Iberia la Hispania lilianza kurusha Airbus A321XLR kati ya Madrid na Boston. Ndege hiyo ina tangi la ziada la lita 12,900 tumboni, na yaweza kwenda kilomita 8,700. Faida yake ni kwamba viti 182 hujazwa kwa urahisi, hata penye wasafiri wachache.

Kwa mama mwenye mtoto, shida ni ile njia moja. Kigari cha chakula kikishatoka, hakuna pa kupita. Na aombe kiti cha kando ya njia, ampeleke mtoto msalani mapema.