Nidhamu Barabarani: Kivuko cha Milia

Kivuko cha milia, kilichoingizwa katika sheria ya Uingereza mwaka 1951 na baadaye kufika Kampala, humpa mwenda kwa miguu haki ya kupita kwanza. Lakini mlinzi wa haki hiyo ni dereva.

Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata takribani mita 14 kila sekunde, na sekunde nzima yaweza kupita kabla dereva hajakanyaga breki. Basi yampasa kupunguza mwendo mapema. Gari la mbele likisimama kivukoni, lisipitwe kamwe: huenda limemficha mtoto, au mtu akokotaye baiskeli.

Milia haitazami cheo. Askari aliye usukanini na awe wa kwanza kusimama, raia wapate kuiga.