Wakulima wa mwani Mlingotini wanahitaji mashua na mizani, si semina pekee

MWANI haujapata heshima ya korosho wala kahawa katika hotuba za viongozi. Hauhitaji mbolea wala trekta. Unahitaji maji yaliyotulia, kamba, vigingi na mgongo wa kuinama saa nyingi bahari inapokupwa wakati wa bamvua. Pengine ndiyo sababu, tangu kilimo hicho kianze kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na kuenea katika pwani ya Bara miaka iliyofuata, wanaume wengi waliwaachia wake zao.

Katika kijiji cha Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo, wakulima hao walijiunga katika kikundi walichokiita Msichoke. Jina hilo peke yake linaeleza walichotarajia kukutana nacho.

Walikutana nacho mapema. Mwani wa aina ya cottonii, ambao wanunuzi huulipia bei nzuri kuliko spinosum, ulianza kufa katika maji ya kina kifupi. Maji hayo hupata joto kali jua linapowaka, na magugu ya baharini huung'ang'ania mmea hadi ukaoza. Mkulima aliyefunga mbegu leo akitarajia kuvuna baada ya takriban wiki sita, alirudi na kukuta kamba tupu.

Hapo ndipo msaada ulipofika, na kwa haki yake ulikuwa msaada wa vitendo. Mpango wa Usimamizi wa Pwani Tanzania, maarufu kwa kifupi cha TCMP, ulioanza mwaka 1997 kwa ushirikiano wa Serikali, shirika la misaada la Marekani (USAID) na Chuo Kikuu cha Rhode Island, ulifanya kazi na kikundi hicho pamoja na watafiti, akiwamo Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Badala ya vigingi, kamba zilielezwa katika maji ya kina kirefu zaidi, ambako joto halibadiliki sana. Uchambuzi wa kiuchumi uliolinganisha njia hizo mbili ulichapishwa mwaka 2007. Aidha, samaki hupenda kukusanyika chini ya kamba zinazoelea, hivyo mwenye dema anaweza kupata kitoweo juu ya mwani.

Hata hivyo, hapa kuna jambo ambalo wapangaji wa miradi hulipita haraka. Kwenye kina kifupi mwanamke huenda shambani kwa miguu. Kwenye kina kirefu anahitaji chombo, na ikiwezekana ajue kuogelea. Asiye na mtumbwi humwomba mwenye nao, naye mwenye nao mara nyingi ni mwanamume mwenye ratiba yake ya uvuvi. Teknolojia iliyo bora kwa mmea inaweza kumrudisha mkulima katika utegemezi aliokuwa ameanza kuuacha. Mashua ya kikundi, basi, si anasa ya kuongezwa mwishoni mwa bajeti iwapo fedha zitabaki.

Ndivyo ilivyo pia kwa mizani. Kwa miaka mingi mnunuzi ndiye aliyeleta kamba, ndiye aliyepima, na ndiye aliyetaja bei. Kikundi kisicho na mizani yake, chanja za kuanikia na ghala la kuhifadhia mwani mkavu hakina cha kujadiliana. Kinauza siku gari lilipokuja. Semina ya ujasiriamali ya siku tatu, hata ikiwa na posho na vyeti, haibadilishi hilo.

Mwandishi wa makala haya hadharau mafunzo. Mafunzo ya kuandika vitabu vya fedha yana thamani kubwa, na VICOBA vimethibitisha tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba watu wenye elimu ya msingi wanaweza kutunza hesabu zao. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, hesabu husomwa mbele ya wote. Haukuhitajika mfadhili wa kukaa nao kila wiki.

Hesabu hizo ndizo tiketi ya fedha za ndani. Sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kila halmashauri ilibanwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisitisha baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kufichua fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, kisha ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi halisi navyo vilisubiri kwa makosa ya vile visivyokuwapo. Ofisa maendeleo ya jamii anayefika kijijini mara kwa mara angevitofautisha mapema, lakini kufika huko kunataka pikipiki na mafuta.

Kwa Mlingotini usajili na kumbukumbu vina uzito wa ziada. Makubaliano ya mwaka 2013 ya kujenga bandari kubwa ya Bagamoyo yaligusa pwani hiyo hiyo. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliukataa mradi huo kwa masharti yake, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kufufua mazungumzo. Mwenye nyumba na minazi huhesabiwa na mthamini. Shamba la mwani liko baharini, halina hati, na likiondolewa kamba halionekani. Daftari la mavuno, stakabadhi za mauzo na mihtasari ya vikao ndiyo ushahidi pekee kwamba mtu alilima hapo.

USAID yenyewe ilifungwa mwaka 2025. Wanaotafuta sasa nani wa kuziba pengo wangeanza na orodha fupi: mashua moja kwa kila kikundi, mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na kipengele katika katiba kinachotaja nani atalipa fundi siku mashua hiyo itakapovuja.