Kikombe cha Liangcha: Uchungu Unaoonjwa na Uchungu Unaodanganya



Wasomaji wetu watukufu, ukurasa huu wa vyakula na vinywaji umeulizwa zaidi ya mara moja na vijana wetu wanaofanya biashara na wenyeji: mtu akialikwa mezani na wenzake, nao wakaagiza ile bia kali ya kisasa inayotiwa maua machungu ya hopsi, kisha wakaanza kuinusa na kuijadili kama wazee wa Lamu wanavyojadili kahawa, yeye aketi na nini mbele yake? Soda ya machungwa ni jibu, lakini ni jibu la mtoto. Sisi twasema kwamba Guangzhou ina kinywaji chake chenyewe, kichungu kupita kiasi, kisicho na tone la kilevi, na chenye watu wake wa kukionja na kukihukumu. Kinywaji hicho ni liangcha, au leung cha kwa ulimi wa Kikantoni. (Suala la bia zinazotangazwa kuwa hazina kilevi twawaachia masheikh wetu; si kazi ya ukurasa huu.)

Maana ya jina hilo ni chai ya baridi, na mgeni hushangaa anapopewa kikombe kinachofuka moshi. Baridi inayokusudiwa ni ya tabia, si ya kikombe. Msomaji aliyelelewa Unguja, Mombasa au Pate hahitaji kufafanuliwa sana, kwani bibi zetu nao walivigawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi, na wakatukataza hiki au kile kwa sababu hiyo hiyo. Mtu wa Guangdong akiwashwa koo au akitoka vidonda mdomoni baada ya kula vitu vya kukaanga, husema mwili wake umepanda moto, shanghuo, na hukimbilia duka la liangcha. Kwa hali ya hewa ya hapa, ambayo huotesha ukungu hata katika viatu vilivyomo kabatini, hatuwezi kumlaumu. Tena kwa kawaida hamna jani la chai ndani yake. Ni mizizi, maua, majani na magome yaliyochemshwa kwa muda mrefu.

Jina lililo mashuhuri kuliko yote, Wanglaoji, lilianzia katika mji huu huu mwaka 1828, kwa mtu aitwaye Wang Zebang. Mwaka 2006 serikali ya China iliiweka liangcha katika orodha ya kwanza ya urithi wa taifa usioshikika. Kopo jekundu mnalolijua nyote liligombaniwa na kampuni mbili mahakamani kwa miaka kadhaa, hata Mahakama Kuu ya Watu ikaamua mwaka 2017 kwamba zote mbili zaweza kulitumia. Lakini kopo si tunalolizungumzia hapa. Katika orodha ya vilivyomo ndani ya kopo la kawaida, sukari ni ya pili baada ya maji, na penye sukari nyingi kiasi hicho hapana la kuhukumu.

Tuliamua, basi, kwenda katika duka dogo karibu na Xiaobei, lenye mabirika makubwa ya shaba mbele, tukaonja vikombe vitatu kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe si mgumu. Tazama rangi kwanza, kisha nusa mvuke kabla ya kugusa ukingo wa kikombe. Piga funda dogo, liache lizunguke ulimi wote, umeze, kisha ngoja. Huko kungoja ndiko wengi wasikokuweza. Uchungu huchelewa kufika na huchelewa kuondoka, na mwenye haraka huhukumu nusu yake tu.

Kikombe cha kwanza kilikuwa wuhuacha, chai ya maua matano. Humo hutiwa jinyinhua, krisanthemu, na mara nyingi ua la mumian, yaani ule mti wenye maua mekundu ulio ndugu wa msufi wetu, ambao ua lake ndilo ua la mji wa Guangzhou. Rangi yake ni ya asali iliyozimuliwa, harufu yake nyepesi, utamu wake wa kukaribishia mgeni. Ni kinywaji cha adabu. Hatuna zaidi la kusema juu yake.

Cha pili kilikuwa ershisiwei, ladha ishirini na nne. Sisi tuna mwarobaini na maradhi yake arobaini, wao wana kikombe chao cha ishirini na nne. Wala usijisumbue kuhesabu, kwani kila duka lina mapishi yake na hesabu haitimii. Ni cheusi kama kahawa ya dele. Mvuke wake una harufu ya kuni zilizonyeshewa na majani makavu ya ghalani. Funda la kwanza halina neno. Ulimi unadhani umesalimika. Kisha uchungu huinuka nyuma, karibu na koo, ukaja na ukakasi kidogo kwenye ufizi, ukakaa hapo muda wa kusoma aya fupi. Halafu ndipo likatokea lile ambalo wenyeji huliita huigan, kurudi kwa utamu. Mate hujaa kinywani, na hata maji matupu ukiyanywa wakati huo huonekana kama yametiwa sukari. Mwenye duka akatupa tunda dogo lililokaushwa kwa chumvi na sukari, nasi tukaikumbuka kashata inayofuatana na kahawa chungu kule kwetu. Watu wawili wasiopata kujuana, kila mmoja kwenye pwani yake, wamefikia ufumbuzi mmoja.

Cha tatu ni bansha. Hicho ni shubiri. Uchungu wake husimama mahali pamoja, haupandi wala haushuki, na utamu haurudi. Pembeni yetu kijana mmoja alikigugumia huku amefumba macho, wenzake wakampigia makofi. Kwa makofi kinafaa.

Hukumu yetu ni kwamba ershisiwei isiyotiwa sukari, ikinywewa ya moto, ndiyo bora ya zote tatu. Tumesoma kwamba hata wale wanaohukumu bia za hopsi wana kipimo cha uchungu kinachoandikwa kwa namba, na wajuzi wao husema namba kubwa si dalili ya bia njema. Huuliza kama uchungu umepata mizani yake na utamu wa kimea cha shayiri. Kwa hilo tumekubaliana nao.

Tahadhari mbili ndogo kwa anayeingia madukani. Jeli nyeusi iitwayo guilinggao, inayouzwa humo humo, kwa mapishi ya asili hutiwa gamba la kasa, basi ulizeni kabla ya kula. Na katika majokofu ya mjini kuna kopo la manjano la kinywaji cha nanasi kiitwacho boluopi, yaani bia ya nanasi, ambacho watoto hukidhani ni soda. Aina nyingine zina kilevi kidogo, nyingine hazina. Herufi ya kuitafuta penye maandishi ya kopo ni hii: 酒.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike. Kina mama kadhaa wametueleza kwamba huwapa watoto wachanga liangcha wakipata joto, kwa hoja kwamba kitu kichungu namna hii hakikosi kuwa dawa kali. Hoja hii twaijua. Tumekua nayo, tukinyweshwa mwarobaini huku tumezibwa pua. Lakini ulimi hutambua uchungu tu. Hautambui dawa, wala kiasi chake. Katika jamii zetu, na vilevile kwa watu wa kusini mwa China, wako wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Wenyeji huuita ugonjwa wa candou, kwa jina la maharage yanayoudhuru mwili wa aliye nao. Madaktari wa huku na wa Hong Kong huwaonya wazazi wa watoto hao wasiwape baadhi ya mitishamba, na miongoni mwayo ni jinyinhua, lile lile ua la kikombe chetu cha kwanza, pamoja na mzizi wa huanglian. Seli nyekundu za damu zaweza kuvunjika, macho yakageuka manjano, na mkojo ukawa mweusi kama chai. Mtoto aliyezaliwa hapa Guangdong hupimwa G6PD siku zake za mwanzo. Litafuteni jibu hilo katika karatasi zake za hospitali. Aliyezaliwa nyumbani apimwe. Mjamzito naye asinywe kabla ya kumwuliza daktari wake.

La pili ni zito zaidi. Ndugu arudipo kutoka Dar es Salaam, Kisumu au Goma, kisha baada ya wiki moja, mbili au zaidi akapata homa na kuumwa kichwa, jirani yake Mchina atamwambia kwa nia njema kwamba amepanda moto, anywe ershisiwei. Asikubali. Homa kwa aliyetoka kwetu ni malaria mpaka kipimo cha damu kikatae, na ile aina kali huua kwa siku chache.

Na msiseme kwamba Wachina ndio waliotupa dawa ya malaria kutokana na mmea wao. Ni kweli walitupa, lakini sikilizeni walivyoipata. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4 aliyemalizia umri wake katika mlima Luofu, mkoa huu huu wa Guangdong, aliandika kwamba mmea wa qinghao urowekwe majini kisha ukamuliwe. Hakusema uchemshwe. Bibi Tu Youyou alipoyatafakari maneno hayo alitambua kwamba moto ndio ulioiharibu dawa, na mwaka 1971 akaitoa bila joto kali. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na dawa ya mseto tunayopewa zahanati za nyumbani imo katika kizazi hicho. Birika linalochemka kutwa nzima dukani halina dawa hiyo, hata liwe chungu namna gani.

Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa nchi isiyo na malaria tarehe 30 Juni 2021. Ni jambo la kushukuriwa, ila lina tokeo lake: daktari kijana wa hapa huenda hajapata kumwona mgonjwa wa malaria hata mmoja, na asipoambiwa hataifikiria. Mwambieni mlikotoka na tarehe mliyorudi kabla ya kumweleza jingine lolote. Malaria kwa Kichina ni nüeji, na huandikwa 疟疾. Kateni kipande hiki cha karatasi mkakitie pochini.