Kalamu, ufunguo na mizani visikae kwa mtu mmoja



Mavuno ya kahawa yakikaribia, komite zetu zinakimbilia mambo mengi: kutengeneza meza za kuanikia, kutafuta mifuko, kupatana bei na mnunuzi. Swali moja linabakia la mwisho kila mwaka: nani ataandika hesabu? Na mara nyingi linajibiwa kwa dakika tano. "Mtoto wa prezida amemaliza shule, aandike yeye." Watu wanapiga makofi, mkutano unaisha. Sisi tunafikiri dakika zile tano zinaweza kutuharibia msimu mzima.

Tulikaa na wamemba wa koperative moja yenye hatutaitaja jina. Walileta kahawa nyekundu mwanzo hadi mwisho wa mavuno, wakapimiwa, wakapata malipo ya kwanza. Malipo ya pili, yale ya kugawana faida kisha kahawa kuuzwa, waliyangoja mpaka wakachoka. Kila mtu aliwaza kwamba wameibiwa. Tulipofungua makaratasi pamoja nao, hakuna aliyeweza kuonyesha mwizi, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba mwizi hayuko. Kijana mwenye alikuwa anaandika hesabu, yeye njo alikuwa na ufunguo wa sanduku, na yeye njo alikuwa analipa wakulima kwenye mizani. Madeni aliyaandika ndani ya simu yake, na simu ikaharibika.

Msimu uliofuata, wamemba wengi walipeleka kahawa yao kwa wachuuzi wa njiani, kwa bei ya chini. Na kijana yule, mpaka leo akipita watu wanamnyooshea kidole. Labda alikula makuta ya watu, labda hakula hata franga moja. Hesabu mbaya inaficha mwizi, lakini inamchafua pia mtu mwema. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, maoni yetu ya kwanza ni haya: mbele ya kuuliza nani, tuulize atashika nini. Mtunza hesabu ashike kalamu tu. Mtunza feza ashike sanduku. Mpimaji ashike mizani. Watu watatu, kaye tatu. Tuseme leo mpimaji ameandika kilo 1,200, na bei ni franga 1,000 kwa kilo. Sanduku linapaswa kuwa limetoa franga 1,200,000. Likiwa limetoa 1,260,000, kuna franga 60,000 zilitoka bila kahawa, sawa na kilo 60. Mtunza hesabu anauliza jioni ileile, wakati kila mtu bado anakumbuka, si mwezi wa kumi na mbili. Lakini kama mtu mmoja anapima, analipa na anaandika, namba zitalingana siku zote, hata franga zikipotea.

Jambo hili si geni kwetu. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na feza zinahesabiwa mbele ya wote. Juu ya nini tunakuwa waangalifu hivyo kwa akiba ya kila juma, kisha tunalegea kwa kahawa ya msimu mzima?

Maoni ya pili ni juu ya diploma. Hatuipingi. Mtu aliyesoma biashara ana msingi mzuri. Lakini Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria ya hesabu ya OHADA yenyewe imewawekea wadogo njia fupi: kuandika feza zilizoingia, zilizotoka na zilizobakia, na kufuata madeni na stoki. Kazi hiyo inataka mtu anayeandika kila siku na asiyeogopa kuuliza.

Basi tuwajaribu mbele ya kuwachagua. Mpeni kila mmoja makaratasi kumi ya zamani na kaye tupu. Wekeni risiti za dola na za franga, moja isiyo na saini, na moja yenye jumla ya makosa. Atakayejaza zote haraka bila neno, mwacheni. Atakayerudi na kusema, "Hii haina saini, hii jumla yake si sawa, na hizi dola mlizibadilisha kwa bei gani siku ile?", huyo njo mtu wenu, hata kama ni mama aliyejifunza kuandika hesabu ndani ya AVEC. Swali la dola si dogo. Dola na franga ziwe na safu zake mbalimbali, na bei ya siku iandikwe kila tunapobadilisha. Kaye inayochanganya hizo mbili haisomeki hata na mwenye aliiandika.

Tunajua jibu la wengi: "Mgeni atatuibia, heri ndugu." Sisi tunauliza: nani kati yetu atamwambia shemeji yake mbele ya watu, "Onyesha risiti"? Tunanyamaza kwa heshima, na kunyamaza kule njo mlango wa hasara. Ndugu anaweza kuchaguliwa, ndiyo, ila apite mtihani uleule, na asiwe ndugu wa mwenye kushika ufunguo.

Tena, alipwe. Hata kidogo, lakini kiasi kijulikane, kipitishwe na mkutano mkuu, kiandikwe. Ukimwomba mtu kazi ya kila siku bure, ataiacha, ama atajilipa mwenyewe.

Mwisho, mtunza hesabu mzuri hatoshi kama hakuna anayemsoma. Sheria ya ushirika ya OHADA, iliyopitishwa 2010, inataka koperative iwe na watu wa kusimamia kazi ya viongozi. Mahali pengi wako kwa jina tu. Tunaomba kila mwisho wa mwezi wafungue kaye, wahesabu sanduku, walinganishe na kahawa iliyoko depo. Kisha hesabu isomwe kwa sauti, kwa maneno ambayo mama asiyejua kusoma anaelewa: tuliingiza hizi, tulitoa hizi, zimebakia hizi, fulani anatudai.

Katika mkutano mkuu unaokuja, mbele ya kupiga makofi, mmoja wenu asimame aulize: kalamu iko kwa nani, ufunguo uko kwa nani, mizani iko kwa nani? Likitajwa jina moja mara mbili, uchaguzi bado haujaisha.